Dakika moja mezani, masaa nane kwenye foleni

Ndugu zangu na dada zangu wa Dzaleka, na nyinyi mnaofanya kazi na sisi kwenye mashirika, leo nataka tuongee juu ya neno moja ambalo tunalisikia kila warsha: digitali. Tunaambiwa digitali inaongeza tija. Mimi sikatai. Ila nina swali dogo: tija ya nani?

Nianze na kitu nilichoona mwenyewe. Nilikuwa najitolea kwenye foleni moja, sitasema ya nani. Kazi yangu ilikuwa kupanga watu na kutafsiri. Kulikuwa na mama mmoja wa kutoka upande wa Fizi, mtu mzima, alifika saa kumi na mbili asubuhi. Zamu yake ilifika saa nane mchana. Akaweka vidole kwenye mashine, mashine ikakataa. Akafuta kwa kitambaa, ikakataa tena. Huyu mama anaishi kwa ganyu, analima mashamba ya wenyeji huku Dowa, jembe na moto vimekula ngozi ya vidole vyake mpaka vimekuwa laini kama kijiko. Akaniuliza, "Mwanangu, sasa vidole vyangu si vyangu tena?" Nikamwambia, "Mama, subiri kidogo, watakuandika kwa mkono." Akaandikwa kwa mkono kwenye karatasi, meza ya pembeni, dakika tatu ikaisha.

Jioni tukakaa kwenye kikao. Mtu mmoja akasema kwa furaha kwamba na mfumo mpya kila mtu anachukua dakika moja tu. Na alikuwa anasema kweli! Pale mezani ni dakika moja. Ila yule mama alikaa masaa nane, na siku hiyo ganyu yake ikapita. Saa ya ofisi inaanza kuhesabu ukifika mezani. Saa ya mama inaanza kuhesabu akitoka nyumbani. Ndo maana nauliza tija ya nani.

Wataalamu wanapima tija hivi: chukua kile kilichozalishwa, gawanya kwa masaa ya kazi. Kama jana ulishona nguo mbili kwa siku na leo unashona nne, tija yako imepanda mara mbili. Hesabu rahisi. Lakini masaa ya nani yanaingia kwenye hesabu? Masaa ya anayelipwa mshahara yanaingia. Masaa ya anayesubiri juani hayaingii popote. Kwa hiyo ofisi inaweza kuonekana imekuwa haraka sana kwa sababu tu imehamisha kazi, imeitoa kwenye meza yake imeiweka kwenye mgongo wa watu walio nje.

Sasa twendeni mwaka 2013. Mwaka huo kompyuta zilifanya mambo mawili katika nchi hii, moja hapa kambini na lingine Capital Hill, kule Lilongwe ambako ofisi za serikali zipo. Umbali kati ya sehemu hizi mbili ni kama kilomita 45 tu.

Hapa kambini, mwishoni mwa mwaka huo, UNHCR ilikuja kujaribu mfumo wake mpya wa kutambua watu kwa mwili: vidole vyote kumi, mboni za macho, na picha ya uso. Dzaleka ndo palikuwa mahali pa majaribio kabla ya mfumo kupelekwa nchi nyingine duniani. Karibu watu 17,000 waliandikishwa. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka 12, nilisimama na wazazi wangu. Nakumbuka baba alifurahi. Alisema sasa hata makaratasi yakiungua, hata tukifukuzwa usiku kama kule nyumbani, kuna mahali duniani panatujua sisi ni nani. Kwa mtu aliyekimbia bila hata cheti cha kuzaliwa, hiyo si kitu kidogo. Sitaki mtu aseme kwamba napinga mashine. Baba yangu alilala vizuri ile siku.

Capital Hill mambo yalikuwa mengine. Serikali ilikuwa na mfumo wa kompyuta wa kusimamia malipo yote ya wizara, unaitwa IFMIS. Uliwekwa ili kazi ya hazina iende haraka na wizi upungue. Septemba 2013 watumishi wa serikali wakaanza kukutwa na mabunda ya pesa, majumbani na kwenye buti za magari. Mwezi huo huo mkurugenzi wa bajeti akapigwa risasi nje ya nyumba yake. Wakaguzi walipoingia wakakuta watu walikuwa wanatumia mfumo wenyewe kulipa kampuni ambazo hazikufanya kazi yoyote, halafu wanafuta kumbukumbu za malipo. Mabilioni ya kwacha yalitoka ndani ya miezi michache. Watu wakaiita Cashgate. Wafadhili wakazuia pesa walizokuwa wanaweka kwenye bajeti ya serikali. Nani aliumia? Hospitali, shule, mwananchi wa kijijini ambaye hajawahi kugusa kompyuta.

Ukitazama vizuri, kompyuta ya hazina haikuharibika. Ilifanya kazi yake sawa sawa, tena haraka. Zamani mtu wa kuiba vile angehitaji karatasi nyingi, sahihi nyingi, na miezi mingi. Kwa mashine ilikuwa kubonyeza tu. Somo langu la kwanza ni hili: mashine inaharakisha kile inachokikuta. Ikikuta utaratibu mzuri, inaharakisha uzuri. Ikikuta wizi, inaharakisha wizi. Ikikuta foleni, inatengeneza foleni ya kisasa.

Na hii si shida ya Afrika peke yake, msije mkafikiri. Mwaka 1987 mchumi wa Marekani, Robert Solow, ambaye mwaka huo huo alipewa tuzo ya Nobel, aliwashangaza wenzake kwa kusema kwamba kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija. Yaani makampuni yamenunua mashine kila kona, lakini wakihesabu, kazi haijaongezeka kama walivyotegemea. Mwenzake mmoja, mwanahistoria wa uchumi Paul David, akaeleza kwa mfano wa umeme. Thomas Edison alifungua kituo chake cha umeme New York mwaka 1882. Lakini tija ya viwanda ilikuja kupanda kwa nguvu miaka ya 1920, karibu miaka 40 baadaye. Kwa nini? Kwa sababu wenye viwanda waliondoa injini kubwa ya mvuke, wakaweka mota kubwa ya umeme pale pale, na jengo likabaki vile vile, na watu wakapangwa vile vile. Ilibidi waje kizazi kingine waseme: tujenge kiwanda upya, kila mashine iwe na mota yake ndogo, kazi ipite kwa mstari. Hapo ndo faida ikaonekana.

Wenzangu, si ndicho tunachofanyiwa? Wanatoa daftari, wanaweka tableti pale pale. Meza ile ile, foleni ile ile, sheria ile ile.

Lakini kuna mahali imefanikiwa, na ni lazima tuseme. Mfano wa kwanza uko hapa hapa Lilongwe. Mwaka 2001 ilianzishwa Baobab Health, na wao wakaanza kwa kumwangalia muuguzi kabla ya kompyuta. Muuguzi ana wagonjwa wengi, hajasomea kompyuta, na umeme unakatika. Basi wakatengeneza mashine ya kugusa kioo kwa kidole, inayotumia umeme mdogo na yenye betri, na mgonjwa anapewa namba yenye mistari ambayo mashine inasoma. Ilitumika hospitali kuu ya Kamuzu Central na kliniki ya Lighthouse, mahali wanapotibiwa watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mashine iliinama kumfuata mfanyakazi.

Mfano wa pili tunaujua wote: M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007. Watafiti Tavneet Suri na William Jack waliandika mwaka 2016 kwamba huduma hiyo ilitoa kaya kama 194,000 za Kenya kwenye umaskini, na wanawake kama 185,000 walihama kutoka kilimo cha kula tu wakaingia kwenye biashara. Na M-Pesa haikumpa mtu mashine kubwa. Ilimpa tu uwezo wa kutuma na kupokea pesa bila kupanda basi siku nzima. Ile siku moja aliyoipata akaitumia kufanya biashara, na hakuna mtu wa kumkataza. Hii sehemu ya mwisho muishike, kwa sababu hapo ndipo sisi tunaposhikwa.

Hapa kambini tuna Airtel Money, tuna Mpamba. Wapo vijana wanajua kuandika programu za kompyuta vizuri sana. Remy Gakwaya, mkimbizi wa kutoka Burundi, alianzisha TakenoLab hapa hapa Dzaleka na amefundisha wengi. Kwa hiyo asije mtu kusema wakimbizi hawajui teknolojia. Tunaijua. Shida ni ukishaijua unaenda nayo wapi.

Niwape habari ya rafiki yangu. Anajua Kifaransa, Kiswahili, Kirundi na Kiingereza. Alipata kazi ya kutafsiri kwenye mtandao, mteja yuko Ulaya. Alifanya usiku kwa sababu bando la usiku ni nafuu na kelele zimepungua. Siku mbili, kazi imeisha, mteja ameridhika. Hiyo ndo tija! Halafu pesa. Mtandao ukamwambia aonyeshe kitambulisho. Akachagua nchi, Malawi. Ikaleta orodha: pasipoti, kitambulisho cha taifa, leseni. Cha mkimbizi hakipo. Akapiga picha kadi yake akatuma hivyo hivyo, wakamkatalia. Mwishowe akatumia akaunti ya rafiki Mmalawi, ambaye alichukua sehemu yake, na pesa ikafika baada ya wiki sita. Siku mbili za kazi, wiki sita za kuombaomba. Ukigawanya, tija yake ni ngapi?

Mnaona hapo? Vidole vyetu kumi na macho yetu mawili yako kwenye kompyuta za dunia. Tunajulikana kuliko mtu yeyote. Lakini ule utambulisho unatumika kwa kazi moja tu: kutuhesabu wakati wa kupewa. Wakati wa kuzalisha hautusaidii.

Na hili si kosa la mashine, wala si kosa la yule kijana anayeshika tableti. Ni sheria. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini iliweka vikwazo kwenye vifungu kadhaa, kikiwemo cha kuajiriwa kwa mshahara na kile cha kutembea na kuishi unapotaka. Kwa hiyo kwa sheria mahali petu ni kambi. Miaka mingi watu walifumbiwa macho wakafungua maduka Lilongwe. Machi 2021 serikali ikatoa amri turudi wote kambini, ikabishaniwa mahakamani, na Mei 2023 ikatekelezwa. Watu waliletwa Dzaleka na polisi. Mnakumbuka malori. Mnakumbuka watu waliofika na kile walichovaa tu, maduka yamebaki nyuma. Kambi hii iliandaliwa kwa watu kama 10,000 hadi 12,000, leo tumezidi 50,000. Mtu aliyekuwa na duka, anaajiri Wamalawi, analipa wauzaji wa jumla kwa simu, sasa anasubiri ujumbe wa simu umwambie msaada umeingia. Simu ni ile ile! Jana ilikuwa chombo cha kazi, leo ni kengele ya kuitwa foleni.

Linganisha na Uganda, ambako Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea. Kule pia maisha ni magumu, sisemi ni peponi. Ila mtu akijifunza kompyuta Kampala, anaweza kwenda kuomba kazi. Akijifunza hapa, anapata cheti cha kutundika ukutani.

Najua wengine wa mashirika mtaniambia, "Kaka, bila hizi mashine watu wanadanganya." Ni kweli. Hiyo hiyo Uganda, mwaka 2018, walipohakiki wakimbizi kwa vidole na macho, idadi ilishuka kutoka kama milioni 1.4 hadi kama milioni 1.1. Majina hewa ni wizi, na anayeibiwa ni sisi. Kwa hiyo uhakiki uwepo. Lakini kuzuia wizi si sawa na kuongeza tija ya watu. Unaweza kuziba tundu la mtungi vizuri kabisa, na mtungi ukabaki mtupu.

Na kuna jambo la pili: mkiweka kila kitu kwenye mashine, wekeni na njia ya siku mashine itakapolala. Januari 2022 kimbunga Ana kilivunja mtambo wa umeme wa Kapichira, na nchi ikapoteza karibu theluthi moja ya umeme wake. Februari 2024 Rais Chakwera aliliambia bunge kwamba wadukuzi wameingia kwenye mfumo wa pasipoti na wanadai pesa, na utoaji wa pasipoti ulikuwa umesimama. Wananchi wenyewe, wenye nchi yao, wakakaa bila pasipoti. Sasa sisi tusio na nchi tutafanyaje mfumo ukigoma? Yule mama wa ganyu aliokolewa na nini? Kalamu na karatasi.

Basi nisiwe mtu wa kulalamika tu. Naomba mambo manne.

La kwanza, kwa nyinyi wa mashirika: anzeni kuhesabu saa kutoka mtu wa kwanza anapofika getini. Andikeni kwenye ripoti zenu masaa ya kusubiri, siyo dakika za mezani peke yake. Mkishayaandika mtaona aibu, na mkiona aibu mtapanga. Simu zetu mnazo, si mtume ujumbe kwamba watu wa Likuni waje saa mbili, wa Katubza saa tano? Hiyo haihitaji mfumo mpya, inahitaji heshima tu.

La pili: meza ya watu ambao vidole vyao vimeisha iwepo tangu asubuhi, na itangazwe. Wakulima, wafua nguo, wachoma mkaa, wazee. Msiwapitishe kwanza kwenye aibu ya kukataliwa na mashine ndo muwapeleke pembeni.

La tatu, kwa Capital Hill: huo utambulisho wetu uliopo, uufanyeni ufanye kazi. Kadi ya mkimbizi ikubalike kila mahali pa kusajili laini, kufungua akaunti, kupokea malipo. Na mturuhusu kisheria kufanya kazi, angalau ile ya mtandaoni kwa kuanzia. Kijana anayetafsiri kwa ajili ya mteja wa Ulaya hajachukua kazi ya Mmalawi yeyote. Analeta pesa za kigeni, ambazo nchi hii inazitafuta kwa shida kubwa. Mtozeni kodi, atalipa. Rafiki yangu angependa kulipa kodi kuliko kulipa mtu wa katikati.

La nne, kwetu vijana. Tusikusanye vyeti kama stempu. Kabla hujaenda kwenye mafunzo mengine ya kompyuta, jiulize hiki kitu kitapunguza masaa ya nani hapa mtaani. Mwenye sola anaweza kuchaji simu za jirani. Anayejua kuandika hesabu kwenye simu anaweza kumwekea mama yake muuza nyanya madeni yake yasipotee. Ni vitu vidogo, ila hapo saa ni yetu na faida ni yetu.

Wenyeji husema jina Dzaleka limetokana na maneno ya kusema "sitarudia tena", kwa sababu hapa palikuwa gereza wakati wa Kamuzu Banda, na mtu akitoka aliapa hivyo. Wiki iliyopita nilimkuta tena yule mama akitoka shamba na jembe lake begani. Nilimwuliza kama ataenda kwenye zoezi lijalo. Akacheka, akasema, "Nitaenda, mwanangu, nitakataa vipi? Ila mwambie huyo mwenye mashine anihesabie na siku yangu."

Ujumbe nimeufikisha.